Sauti ya Chausiku

"Anayeitikiwa kila siku, siku yake huwa bubu." Methali hii mmeisikia leo darasani mkacheka, kisha mkataka kujua imetoka wapi. Basi tulieni, wanangu, maana chanzo chake hakichekeshi.

Kulikuwa na msichana akiitwa Chausiku, binti wa wakata mkonge, aliyesomea kazi ya kupokea simu za dharura katika chuo kimoja huko Tanga. Kazi hiyo ilikwisha kuingiwa na mashine ya akili bandia, iliyosikiliza simu na kumnong'oneza mpokeaji la kusema. Mwalimu wao, Bi Saumu, hakuikataa.

"Mtafanya nayo kazi maisha yenu yote," aliwaambia. "Lakini mazoezi ya asubuhi ni bila mashine. Ikikosea au ikinyamaza, msije mkawa mapambo ya ofisi."

Chausiku aliona huo ni ushamba. Aliifundisha mashine sauti yake, na kila asubuhi mwalimu alipowapigia simu za majaribio bwenini, ikamjibia huku yeye akisukwa nywele. Alama zikapanda, naye akavimba kichwa. Siku moja akitoka kuoga aliisikia sauti yake mwenyewe ikicheka chumbani, na chumba kilikuwa kitupu. Hata hivyo hakuizima mashine, kwa sababu ilisema vizuri kuliko yeye.

Ikafika siku ya kwanza ya mafunzo kazini, katika kituo cha simu za dharura, Bi Saumu akiwasimamia. Jua likiwa la utosi, simu iliita, na ile mashine aliyoifundisha sauti yake ikawahi kuipokea.

"Dada? Ni wewe?" Alikuwa Mwanjaa, mdogo wake. "Mama kajikata mguu kwa panga, damu haikatiki!"

"Ni mimi. Usilie," ilijibu sauti ya Chausiku. "Gari linakuja. Mlaze, kunja kanga safi, kandamiza juu ya jeraha."

Chausiku alikaa amefumba kinywa, akiisikiliza sauti yake mwenyewe ikimbembeleza mdogo wake. Aliogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani. Mara mtandao wa intaneti ukakatika. Simu ikabaki hewani, lakini mashine ikanyamaza.

"Dada, kanga imelowa chapachapa. Niitoe?"

Chausiku akafungua kinywa. Hakujua. Swali hilo hilo lilikuwa limeulizwa asubuhi nyingi, likajibiwa bila yeye.

"Mwanjaa... ngoja... mimi..."

Kisha mtoto akapiga ukelele.

"Wewe nani? Huyu si dada! Nirudishie dada yangu!"

Bi Saumu alimpokonya kisikilizio. "Usiitoe, mwanangu! Weka nyingine juu yake, kandamiza kwa nguvu zako zote. Nipo na wewe."

Mama alipona. Chausiku aliifuta ile sauti kwenye mashine, akaomba kuanza masomo upya, na safari hii asubuhi zake akazijibu mwenyewe, kwa kigugumizi na makosa, mpaka akaiva. Leo hufanya kazi bega kwa bega na mashine, nayo ikikosea huisahihisha.

Lakini mpaka leo Chausiku akipiga simu nyumbani, Mwanjaa huisikiliza kwanza pumzi yake. Kisha huuliza polepole, "Yule dada mwingine yuko wapi? Yule aliyejua."

Ndiyo maana watu wa kule husema: anayeitikiwa kila siku, siku yake huwa bubu.