Nyekundu Haiguswi kwa Kiganja

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe tisa Aprili, kabla ya saa ya chai. Wapo watakaokwambia kwamba yaliharibika baadaye, siku damu ilipoonekana. Hao wametazama moshi wakasahau moto. Yaliharibika Jumanne ile, mafundi wawili walipoingia katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali wakiwa wamebeba kioo kipana kama mlango, wakakifunga ukutani, na meneja akasimama nyuma yao akichekelea kama baba anayemwoza binti. Wahenga walisema kipya kinyemi, kingawa kidonda. Maana yake ni kwamba kitu kipya humpendeza binadamu hata kikiwa kinamwumiza. Wahenga hawakutaja ni nani anayependezwa na ni nani anayeumia, labda kwa sababu enzi zao hapakuwa na mameneja.

Chumba chenyewe kilikuwa kirefu, chenye joto na mvuke, na mashine zilizonguruma mchana kutwa hata watu wakazoea kuongea kwa kupaza sauti. Katikati palikuwa na meza ya bati ya kuchambulia nguo chafu. Nguo zilishuka kutoka wodini katika mifuko ya rangi nne. Mfuko wa buluu ulikuwa wa shuka za kawaida, wa kijani ulitoka chumba cha upasuaji, wa njano ulikuwa wa watoto. Mfuko mwekundu ulikuwa wa damu na maambukizi. Ile mitatu ilifunguliwa kwa mikono mitupu. Mwekundu uliachwa mpaka mwisho. Mtu alivaa kwanza glavu nene, akashika koleo refu, ndipo akaufungua taratibu kama anayefungua mlango wa mbwa mkali.

Sheria hiyo haikutoka ofisini. Iliwekwa na msimamizi wa meza ile, mwanamke aliyekuwa mke wa mpiga pasi wa chumba kile, Mzee Pasi. Hakuwa na cheti, alikuwa na mdomo. "Nyekundu haiguswi kwa kiganja!" alikuwa akifoka, na hata mgeni wa siku moja aliishika sheria hiyo kama jina lake. Alipofariki, wakubwa walileta shada la maua na hotuba ndefu ambayo ndani yake walimwita kwa jina la mtu mwingine. Mzee Pasi alibaki mgane, akaendelea kupiga pasi, na tangu siku hiyo hakuamini neno lolote lililosomwa kwenye karatasi. Meza ikashikwa na mdogo wake marehemu, Mama Pacha, mwanamke mwembamba mwenye mapacha wa darasa la pili na mume aliyeaga kwamba anatoka kidogo na mpaka leo hajarudi. Kazi ile ndiyo iliyokuwa baba wa watoto wale. Ikikatika, hapakuwa na kamba nyingine ya kushika.

Sasa, kioo kile kilitoka wapi? Kilitokana na Kobe. Miaka ya nyuma, ndani ya shuka za watoto, wafuaji walikuta mchezo wa plastiki wa mviringo, umebinuka kama gamba la kobe, wenye vipande vinne vya rangi zile zile za mifuko. Wodini ulitangazwa, mwenyewe hakuonekana. Kobe aliwaka rangi moja na kutoa mlio, nawe ukamjibu kwa kubonyeza rangi hiyo. Akaongeza ya pili, nawe ukazirudia zote mbili. Akazidi kuongeza mpaka kichwa chako kishindwe kubeba, akakuzomea, watu wakacheka. Wafuaji walimcheza wakati wa chai. Ila zamu ya nyekundu ilipofika hakuna aliyeibonyeza kwa mkono. Palikuwa na kijiti cha kukorogea sabuni, na nyekundu ilibonyezwa kwa kijiti, kwa heshima ya marehemu na kwa mazoea. Kobe hakuwa na haraka. Alisubiri.

Siku moja meneja alipita akawakuta. "Kumbe mnapenda kunoa kumbukumbu!" akasema, macho yakimng'aa. "Huu umepitwa na wakati. Nitawaletea wa kisasa." Akamchukua Kobe kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, akamtupa kwenye pipa.

Basi huo ndio ukawa wa kisasa. Kioo kiliwaka rangi nne, lakini rangi zenyewe hazikutulia. Nyekundu iliyokuwa juu sasa hivi, mara nyingine ilikuwa chini kushoto. Badala ya mlio wa kobe kulikuwa na sauti ya mwanamke, laini kama mafuta, ikisema, "Karibu. Weka kiganja chako." Kioo hakikukubali kijiti. Hakikukubali glavu. Kilitaka kiganja kitupu, na ukichelewa kidogo tu kilisema, "Umesita. Jaribu tena," kwa upole ule ule unaokera kuliko tusi. Wafuaji walipiga foleni siku ya kwanza, kila mmoja akitaka kuwa wa mbele. Redio, mwendesha mashine ambaye mdomo wake haukuwa na swichi, alikipa jina hapo hapo.

"Huyu ni Bi Harusi," alisema. "Anataka kuguswa, lakini kwa masharti yake."

Walicheka. Kicheko kiliwakatika wiki iliyofuata, tangazo lilipobandikwa: alama za kila mmoja zingehesabiwa, na watakaokuwa mkiani mwisho wa mwezi "wangepumzishwa".

Mzee Pasi alimfuata meneja koridoni. "Samahani mkubwa. Hiki kioo kinapima nini hasa?"

"Kinapima utayari, mzee."

"Utayari wa nini?"

"Utayari kwa jumla."

"Mimi napiga pasi. Pasi ikiwa ya moto, mimi niko tayari. Sasa hiyo jumla iko wapi?"

Meneja alimpigapiga begani. "Usijali, mzee wangu. Utazoea." Akaingia ofisini, akamwacha mzee amesimama kama aliyeuliza njia akaelekezwa mbinguni.

Tangu hapo chumba kizima kilitekwa na bumbuwazi. Mtu aliyekumbuka mkokoteni gani umeenda wodi gani tangu asubuhi alishindwa na rangi chache za kioo. Wengine walidhani kioo kinapima kasi, wengine macho, wengine walinong'ona kwamba kinasikiliza mazungumzo yao, wakaanza kuongea kwa ishara. Redio alinyamaza kutwa nzima, jambo lililowatia watu hofu kuliko kioo chenyewe. Halafu likaja la kushangaza zaidi. Meneja aliwaita, akawaonyesha mchoro wa mistari iliyopanda na kushuka.

"Tazameni. Wote mnakwenda vizuri, mkifika kwenye nyekundu mnaanguka. Wote! Nyekundu ina nini? Mna shida ya macho?"

Hakuna aliyejua kwamba anaanguka. Walipelekwa kupimwa macho. Wakasomeshwa herufi, wakatazamishwa madoadoa, wakarudishwa kazini na vyeti vya macho mazima. Sasa wakachanganyikiwa maradufu: kama macho ni mazima, kinachougua ni nini?

Aliyekuwa mkiani kabisa alikuwa Mama Pacha. Hilo lilimduwaza Mzee Pasi kuliko yote, maana shemeji yake ndiye aliyekuwa bingwa wa Kobe. Mchana mmoja, wenzao wakiwa kwenye chakula, alimsimamisha mbele ya kioo.

"Cheza nikuone, shemeji."

Mama Pacha aliweka kiganja. Buluu, kijani, buluu, njano, mkono ukaruka kama ndege. Ikaja nyekundu. Mkono ukasimama hewani, ukarudi nyuma kidogo, ukaelea upande wa kulia ambako hapakuwa na kitu.

"Umesita. Jaribu tena," ikasema sauti.

"Unatafuta nini huko kulia?" akauliza mzee.

Mama Pacha aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Shemeji," akasema polepole, "mkono unatafuta glavu."

Wakatazamana. Pale mezani, glavu nene zilitundikwa upande wa kulia.

Mzee Pasi alikwenda ofisini siku hiyo hiyo, akaeleza kama alivyoweza: kwamba mikono ya watu hawa imefundishwa kuogopa rangi ile, kwamba si ujinga wala uvivu, ni kazi. Meneja alisikiliza huku akitazama simu. Mwisho akasema, "Vizuri sana. Kwa hiyo ni mazoea. Mazoea huondolewa kwa mazoezi. Mwambie shemeji yako afanye mazoezi."

"Na mfuko mwekundu, mkubwa?"

"Mfuko ni mfuko na mchezo ni mchezo. Mtu mzima hawezi kuvichanganya."

Mzee Pasi alitoka akiwa hajui amekubaliwa au amekataliwa. Usiku ule alitaka kumwambia shemeji yake aachane na kioo, liwalo na liwe. Lakini angewaambia mapacha wale nini? Mwenye nguvu mpishe, walisema wazee. Basi kesho yake Mama Pacha akaanza mazoezi. Kila mchana alisimama mbele ya Bi Harusi, na Mzee Pasi pembeni akimhimiza.

"Nyekundu hiyo, piga! Usifikiri!"

"Sifikirii, shemeji, mkono ndio unaofikiri."

"Basi ukataze."

Mwanzoni mkono ulikuwa mkaidi kama punda mbele ya mto. Ukaanza kulegea. Ukapunguza kusita. Kabla mwezi haujaisha, nyekundu ilipowaka kiganja cha Mama Pacha kiliirukia kabla sauti haijamaliza kuvuta pumzi. Wenzake nao walifanya vivyo hivyo, na mistari ya meneja ikanyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Mwisho wa mwezi Mama Pacha alikuwa wa kwanza. Aliitwa mbele, akapigwa picha na wakubwa kutoka makao makuu, akapewa chupa ya chai yenye nembo ya hospitali. Wakamvika kilemba cha ukoka, naye akakivaa kwa furaha, kwani mapacha wangekula. Waliopumzishwa walikuwa mlinda mlango na mfagizi, watu ambao hata mfuko mwekundu hawakuwahi kuugusa. Walikosea nini? Hakuna aliyefahamu. Wao wenyewe waliondoka wakiulizana.

Siku ya sindano haikuwa na dalili yoyote. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, mvuke umejaa, Redio amerudiwa na sauti yake na anasimulia habari za mkwe wake. Mkokoteni ulishushwa mezani. Mama Pacha akaanza kufungua: buluu, njano, buluu, kijani. Chini yake ulikuwepo mwekundu. Mzee Pasi, aliyekuwa kwenye pasi yake hatua chache kutoka pale, aliona mkono wa shemeji yake ukienda. Haukuelea. Haukutazama kulia. Uliingia mfukoni moja kwa moja, mtupu, mwepesi, kama ulivyofundishwa.

"Mama wee!"

Chumba kizima kiligeuka. Mama Pacha alikuwa ameinua kidole, na juu ya kidole palikuwa na tone dogo la damu. Katika shuka, mtu wa wodini alikuwa ameacha sindano.

"Glavu zako ziko wapi?" Mzee Pasi aliuliza.

Mama Pacha aligeuka akazitazama. Zilikuwa zimetundikwa mahali pake, kavu. "Niliuona," akasema. "Wallahi niliuona kuwa ni mwekundu, shemeji. Nilijua kabisa. Ila mkono ulitangulia."

Walimkimbiza ghorofani kwa daktari. Akapewa vidonge vya kuzuia maambukizi, vya kumeza kila siku kwa siku ishirini na nane, vidonge vilivyomtapisha na kumzungusha kichwa. Jibu la damu, ofisi ilimwambia, lingechukua muda. Asubiri, na asiwe na wasiwasi. Ni watu wa ofisini tu wanaoweza kumwambia mtu maneno hayo mawili kwa pumzi moja. Mapacha walimwuliza kwa nini sasa ana kikombe chake peke yake, akawaambia ni mchezo mpya.

Juma lililofuata aliitwa ofisini, Mzee Pasi akaenda naye kama shahidi. Meneja alikuwa mpole sana.

"Sheria ya glavu ipo, au haipo?"

"Ipo," akajibu Mama Pacha.

"Ulizivaa?"

"Sikuzivaa."

"Ulilazimishwa na mtu usizivae?"

Mama Pacha aliutazama mkono wake. Alionekana kama mtu anayetafuta chumba katika nyumba aliyozaliwa ndani yake na asikipate. "Hapana," akasema mwishowe. "Lakini..."

"Basi tutaandika uzembe wa mfanyakazi. Hutafukuzwa, usiogope. Wewe ndiye mfano wetu wa kumbukumbu."

Mzee Pasi alisimama. "Mkubwa, nilikuja hapa. Nilikwambia habari ya mkono."

"Uliniambia ni mazoea, mzee. Nami nikakubaliana nawe."

Na hilo lilikuwa kweli. Mzee akakaa. Mama Pacha ndiye aliyeinuka, akaweka mkono wake juu ya meza ya meneja, kiganja juu, kidole kikiwa kimefungwa kitambaa. Hakupaza sauti. Aliuliza kama anayetaka kufahamu tu, naye alitaka kufahamu kweli.

Meneja aliutazama ule mkono, akatazama dirishani, akasema hilo watalirudia katika kikao kijacho. Vikao vimepita. Kioo bado kimo ukutani, kinawaka vizuri, na makao makuu wameagiza vingine. Kweli kipya kinyemi, kingawa kidonda. Ila kinyemi kilikwenda juu kwa wakubwa na kidonda kikabaki mezani pa kuchambulia nguo, kwa mwanamke anayengoja jibu la damu na jibu la swali lake: mkono huu, nani aliufundisha kutoiogopa nyekundu?