Kuku Ndani ya Jiko Banifu

Wapendwa, na ninyi wa viti vya nyuma wekeni simu kidogo. Kulikuwa na binti mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kama wengi wenu hapa. Utafiti wake ulihusu majiko banifu, yale ya udongo yanayopunguza kuni na moshi. Shirika fulani liliyagawa katika kijiji kizima, sasa likawa linasubiri ripoti yake ili liamue kama vijiji vya jirani vipelekewe hayohayo.

Basi binti akapita nyumba kwa nyumba. Shikamoo, marahaba, anapewa kigoda, kisha anasema: "Mama, nisaidie mwanao nimalize chuo. Lile jiko mnalitumia?"

"Tunalitumia sana, mwanangu. Limetuokoa."

Kila nyumba, limetuokoa! Kazi imenyooka, binti anatembea huku anaimba.

Hata akafika kwa mama mmoja mkarimu, akaambiwa hapa hutoki bila chai. Mama akaingia jikoni, binti akamfuata amsaidie. Ala! Sufuria iko juu ya mafiga, moshi umetanda, mama anakohoa mpaka anashika ukuta. Na jiko banifu? Liko pembeni, limetandikwa majani makavu, na ndani yake kuku ameatamia mayai.

Binti akachanganyikiwa. Huyu mama ni mwongo? Lakini mwongo gani anakuacha uingie jikoni kwake uone mwenyewe? Akanywa ile chai asijue hata kama ina sukari. Akatoka nje, akampigia simu msimamizi wake.

"Andika walichosema," msimamizi akamwambia. "Kazi yako ni kuuliza, si kuchungulia majiko ya watu."

Loo, ndiyo akavurugika zaidi. Maana kweli walisema! Akiandika hivyo hajaongeza neno lake hata moja, na mahafali hayo yanakuja, mama yake ameshashona gauni. Angekuwa amedanganya? Niambieni ninyi wasomi.

Akarudi ndani. "Mama, samahani. Mbona uliniambia jiko mnalitumia?"

Mama akamshangaa kwelikweli. "Si wewe uliomba tukusaidie umalize chuo? Ningesema silitumii, ungemaliza na nini? Tuliambizana na wenzangu, huyu mtoto wa watu asirudi mikono mitupu."

"Na ukweli wenyewe?"

"Mdomo wa lile jiko ni mdogo, mwanangu. Kuni haziingii mpaka uzipasue. Kwa mgongo huu nitapasua kuni kila siku?"

Binti akaona haya mpaka akakosa pa kuangalia. Wale kina mama hawakumtapeli. Aliomba msaada, wakampa. Ikabidi atupe majibu yote, aanze upya nyumba ya kwanza, safari hii bila kumlilia mtu. Mahafali yakampita. Alilia, sitawaficha. Lakini yale majiko hayakwenda kijiji kingine mpaka yalipotengenezwa upya.

Sasa tuje kwetu. Kubuni takwimu tunajua ni dhambi, hata anayebuni anajua. Hili jingine je? Sisi tunauliza huku uso umeshaomba jibu, na watu wetu wana adabu, hawamnyimi mgeni. Tunamuuliza mgonjwa, "Leo afadhali, eh?" Naye anaitikia afadhali ili tusihuzunike, tunaaga, tunaondoka tumeridhika. Tunapiga magoti, "Bwana, nionyeshe njia," na tiketi tumeshakata! Tunamuuliza Mungu au tunamwarifu?

Wiki ijayo mtatawanyika kwenda kuuliza watu maswali. Kabla hujafungua mdomo, jipime: akikujibu hapana, utaipokea? Kama huwezi, mwanangu, usiende. Utakachokusanya huko ni huruma ya watu, halafu utarudi hapa utuambie ni utafiti.