Matuta Mawili ya Mlowa

"Njia isiyopiga hodi haifiki." Maneno hayo mmeyasikia leo mkutanoni, pale mama mwenyekiti alipowaambia wahandisi wa nchi zetu mbili kabla hawajakunjua ramani zao. Watu wazima wote tukaguna kwa kukubali, ninyi mkabaki mnatazamana. Sasa mmekuja kwangu kuniuliza yametoka wapi. Haya, kuuliza si ujinga. Kaeni, na wewe Mpoki weka hiyo simu chini, maana mimi sirudii.

Chanzo chake ni hiki.

Zamani sana, kabla ya mipaka hii ya vizuizi na mihuri, palikuwa na nchi mbili zilizotazamana, Ukavi na Utimba. Ukavi ilikuwa juu milimani, Utimba ilikuwa kule tambarare. Katikati yake palikuwa na Bonde la Mlowa, kinamasi kitupu, kimeota matete marefu kumpita mtu yeyote. Mtu mmoja akijikaza aliweza kuvuka, maji yakimfika kifuani, lakini mzigo haukuvuka ukabaki mkavu. Kulizunguka bonde lile ilikuwa safari ya kumchakaza mtu, nayo ilipita kwenye mapori yenye simba.

Watu wa nchi hizo walikuwa ndugu, babu zao walitoka tumbo moja. Ila Wakavi walishikilia kwamba babu yao ndiye kaka mkubwa, na Watimba nao walisema hata kidogo, mkubwa ni wetu. Na desturi mnaijua: mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa. Basi Mkavi akikutana na Mtimba mpakani, kila mmoja alisimama akingoja shikamoo ya mwenzake. Wanatazamana, jua linawachoma, hakuna anayefungua mdomo, mpaka mmoja achoke ageuke arudi alikotoka. Msicheke! Humu humu mtaani mna watu hamwamkiani nao kwa mambo madogo kuliko hayo, na ninawajua.

Na kwa kuwa mwenye kutuma mjumbe ndiye aliyetangulia kusalimu, watemi wa nchi zile hawakuwahi kutumiana mjumbe. Walikaa hivyo miaka na miaka, wakajiona wana heshima.

Mwaka mmoja mvua ya mawe ikaipiga Ukavi, ulezi ukiwa umekaribia kuvunwa. Hakikubaki kitu. Watu walikula akiba, akiba ikaisha, wakala hata mbegu. Mkiona mtu anakula mbegu, jueni hapo hakuna tena mzaha. Masika yalikuwa yanakaribia, mashamba yamelimwa, na hakuna hata punje ya kupanda. Mvua ikipita bila mbegu kuingia ardhini, Ukavi ingekufa njaa.

Mnyapara wa kazi za njia katika Ukavi aliitwa Ndelwa, mzee wa mvi nyeupe, mkali, mwenye kujua kazi yake. Binti yake Nakazwe alikuwa ameolewa Utimba. Siku moja binti huyo akatokea kwa baba yake, nguo zimelowa hadi mabegani.

"Baba, kwa wakwe zangu maghala yamejaa," alisema. "Sikutumwa na mtu, ila nimemsikia mtemi wa kule akisema ndugu hauziwi mbegu, mtapewa. Wameanza kujenga tuta katika bonde ili punda wapite na magunia. Nanyi jengeni kutoka huku, kazi iishe kabla ya mvua."

Ndelwa alifurahi mpaka akamshika binti yake mikono yote miwili. "Tunaanza kesho," alisema.

"Lakini baba, mtakutana wapi? Bonde ni pana. Si mkaulizane kwanza?"

Mzee akaikunja sura papo hapo. "Tukawaulize? Wakitaka kujua tunapita wapi, njia ya kuja kutuamkia wanaijua."

Nakazwe alikuwa binti mwenye adabu, akanyamaza. Lo! Adabu nyingine hugharimu.

Wakavi wakaingia bondeni. Hakubaki nyumbani mwanamume wala mwanamke mwenye nguvu, hata kwa njaa ile tumboni. Walibeba mawe kutoka mlimani, wakayapanga majini, wakamwaga udongo juu na kuushindilia kwa miguu huku wakiimba. Mimi hapa nawavulia kilemba, sioni aibu kusema. Ndelwa aliichagua njia kwa namna ya watu wa milimani, alilenga kilima kimoja cha ng'ambo akanyoosha tuta kukielekea, maji yawe mengi au machache. Watimba nao walikuwa hodari vilevile, ila wao ni watu wa tambarare, walifuata mahali penye maji haba, pakipinda kushoto wanapinda, pakipinda kulia wanapinda. Kila tuta lilikuwa zuri. Na katika matete yale hakuna aliyeweza kumwona mwenzake.

Walisikiana tu. Wakavi wakiwa kazini walianza kuzisikia ngoma za Watimba mbele yao, mbali. Wakachangamka. Siku zilivyokwenda ngoma zikasogea, watu wakawa wanasema, leo au kesho tutaonana. Kisha asubuhi moja ngoma zikasikika ubavuni. Kila mtu alisikia, na kila mtu akajifanya hakusikia. Kijana mmoja alipofungua mdomo kutaka kuita, wenzake walimfinya. Unataka kutufanya wadogo wewe? Kule upande wa pili, bila shaka, kulikuwa na mtu anafinywa vilevile.

Kesho yake ngoma zilikuwa nyuma yao.

Ndelwa alitupa jembe. Akawaambia vijana wamnyanyue, wakampandisha mabegani, akachungulia juu ya matete. Alichokiona kilimtoa machozi. Tuta la Watimba lilikuwa pale, umbali wa kurusha jiwe, pana, limeshindiliwa vizuri, na limewapita. Lao lilikuwa linakwenda kule na lile linakuja huku, na katikati kuna maji ya kina. Kwa upande wa mashariki mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya. Hapakuwa na muda wa kujenga tuta jingine.

"Nishusheni," alisema. "Ninawaita."

Watu wakamzunguka. "Mzee, usifanye hivyo! Ukiita wewe kwanza, sisi ndio wadogo. Watoto wetu na wajukuu wetu watakuwa wadogo mpaka kiama."

Ndelwa aliwaangalia mmoja mmoja, midomo imewapauka kwa njaa. "Huo ukubwa," aliwauliza, "mtaupika kwa maji kiasi gani?"

Mzee akageukia kwenye matete, akavuta pumzi, akaita kwa sauti yake yote: "Hodi! Hodi huko!"

Ngoma zikakoma.

"Hodi, jamani! Ni sisi Wakavi! Shikamooni!"

Haya, nawauliza ninyi, mngekuwa Watimba mngefanya nini? Shikamoo waliyokuwa wakiingoja tangu enzi za babu zao ilikuwa imekuja yenyewe. Ilikuwa ni kusema marahaba tu, basi, kesi imekwisha, ukubwa ni wao. Wakavi walisimama vichwa chini wakiingoja marahaba hiyo kama mtu anayengoja kofi.

Wakasikia maji yanapigwapigwa. Matete yakafunguka, akatokea mwanamume wa makamo, maji yamemfika kifuani. Huyo alikuwa Kasunga, mnyapara wa Watimba. Alikuwa amekuja amejaza kifua, na hiyo marahaba ipo mdomoni tayari. Lakini alipoinua macho juu ya tuta akamwona Ndelwa, mzee wa umri wa baba yake, mvi zimejaa matope. Ile marahaba ikamkwama. Mtu aliyelelewa atamwitikiaje mzee kama yule?

"Karibu, baba," alisema Kasunga. Kisha akainamisha kichwa. "Shikamoo."

Nyuma yake wenzake walishtuka wakapiga kelele. "Kasunga! Umefanya nini?"

"Nimemwamkia mzee," aliwajibu bila kugeuka. "Mama yangu angesikia nimemwitikia, nisingekula nyumbani."

Ndelwa naye hakuitikia. Alicheka, akacheka mpaka akakaa chini, na Wakavi wakacheka, na kule kwenye matete Watimba nao wakaanza. Shikamoo mbili zimetoka na marahaba haijulikani imwendee nani! Mpaka leo haijatolewa.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo ninapowapenda watu wale. Kasunga alipanda juu ya tuta, akaketi na Ndelwa, wakaanza kuulizana maswali ambayo yangeulizwa tangu mwanzo. Mizigo yenu mnaibebaje? Sisi vichwani. Sisi punda, tena wenye magunia pande zote mbili, kwa hiyo tuta lenu hili ni jembamba, punda wetu atatumbukia. Ninyi maji huwafika wapi masika yakikolea? Hapa. Basi tuta lenu ni fupi, litazama, linyanyueni lilingane na letu. Walisemana waziwazi hivyo, wala hakuna aliyenuna.

Wakaona kwamba hakuna haja ya tuta jingine. Palepale matuta yalipopishana, walikubaliana kuyaunganisha kwa daraja. Wakavi wakashuka na magogo kutoka misitu yao, Watimba wakasuka mikeka minene ya matete, maana kwa kusuka hakuna anayewafikia. Vipande viwili vya matuta vilivyopitiliza waliviacha vilivyo. Tena wakawekeana sharti ambalo mimi kila nikilifikiria nasema hawa watu walikuwa na akili. Masika yakibomoa upande wa Ukavi, watakaotengeneza ni Watimba. Upande wa Utimba ukibomoka, watatengeneza Wakavi. Hivyo kila mwaka mtu hana budi kwenda kwa mwenzake, asalimie, aulize kazi iko wapi.

Daraja likaisha. Punda wakavuka na mbegu, Nakazwe akiwa mbele anawaswaga kwa kijiti huku akipiga vigelegele. Gunia la mwisho lilipofika mlimani, mvua ikaanguka. Watu walipanda wakilowa, wakicheka na kulia pamoja. Ukavi ikapona.

Lakini maneno hayana miguu na hufika. Mtemi wa Ukavi alikuwa amesikia. Akamwita Ndelwa mbele ya wazee wote, uso umekaza.

"Ndelwa, ni kweli ulianza wewe kuwaamkia Watimba?"

"Ni kweli, Mtemi."

"Kwa hiyo umetufanya sisi kuwa wadogo."

Wazee wakaangalia chini. Walimpenda Ndelwa, wakajua leo kazi imemponyoka. Yeye hakutikisika. Aliingiza mkono katika mfuko wake wa ngozi, akatoa konzi ya ulezi uliotoka Utimba, akaumimina katika kiganja cha Mtemi.

"Huenda nimefanya hivyo, Mtemi," alisema. "Lakini nyumbani penye njaa chakula kikiiva, anayepakuliwa kwanza ni nani? Si mdogo?"

Mtemi aliutazama ule ulezi kiganjani. Akaufumba mkono polepole, na wazee wakamwona anatabasamu. Akasimama, akasema nchi nzima isikie: kuanzia siku hiyo, hakuna Mkavi atakayepiga jembe la njia kuelekea nchi ya watu kabla hajaenda kusimama mlangoni pao na kuita. Mawe yako yawe mazuri namna gani, nguvu zako ziwe nyingi namna gani, utafika katika matete na umpite mwenzako ubavuni. Njia isiyopiga hodi haifiki.