Jina la Mtoto wa Naliaka

Kaeni vizuri, na mwenye ubishi autunze hadi mwisho, nitauhitaji.

Miongoni mwa askari wa kituo cha polisi cha Murukeni walikuwamo watatu ambao mkuu wao hakuwapenda hata kidogo. Chelagat wa meza ya ripoti alikuwa na mwandiko ambao hata mlevi angeusoma. Mwachofi, mtunza funguo za seli, alijua kanuni zote kwa moyo na alikuwa mkaidi kama punda. Lokaale, dereva, hakuwahi kupotea njia wala kupandishwa cheo.

Asubuhi moja kwenye gwaride mkuu alisoma mpango wa siku: wawili doria, mmoja benki, mmoja mahakamani. Kisha akashusha sauti. "Yule Naliaka muuza mboga, aliyewaongoza wenzake kuzuia trekta la mheshimiwa lisibomoe soko, tunaye. Asiandikwe popote. Saa nne watu wa mheshimiwa watakuja kumchukua."

Naliaka alikuwa na mimba ya miezi minane. Na mtu asiyeandikwa, ndugu zake wakija kumuulizia, huambiwa hajaonekana. Mnajua wenyewe maana yake, na mimi hasira hunipanda nikiyasema haya.

Chelagat alifungua kitabu cha matukio akaandika kwa wino: jina, saa, kosa. Kwenye kosa akaandika, "Halijatajwa."

"Nani amekuruhusu?" mkuu alifoka.

"Anayeingia huandikwa, afande. Ukurasa una nambari, ukiuchana utajulikana."

Saa nne gari likasimama langoni. Mwachofi akaamriwa afungue seli. "Ameshaandikwa, afande. Anayemchukua aweke sahihi." Wale wanaume wakatazamana, hakuna aliyetaka jina lake pale. "Basi weka wewe, afande," Mwachofi akamwambia mkuu. Mkuu hakuthubutu. Mwachofi akatumbukiza funguo ndani ya soksi, akakaa kwenye benchi saa mbili nzima akitukanwa hadi babu zake, mpaka wale wanaume wakachoka wakaenda zao.

Mkuu akaagiza funguo za akiba nyumbani kwake, akafungua mwenyewe, akampakia Naliaka kwenye Landrova. "Lokaale, mpeleke shambani kwa mheshimiwa, na usiniulize kitu."

Lokaale hakuuliza. Alifika njia panda, akakata kushoto, akaenda moja kwa moja mahakamani. Hakimu alipotaka nambari ya kitabu, Lokaale alionyesha kiganja, alikokuwa ameinakili. Kitabu kikaletwa. Kosa likatafutwa, halikuwepo. Naliaka akalala kwake siku hiyo.

Kesho yake mkuu akanguruma gwarideni, "Nani kaniharibia mpango?" Watatu wakapiga hatua mbele pamoja. "Mimi!" Akakosa wa kumtwika lawama, maana kila mmoja alidai kosa lote ni lake.

Miezi miwili baadaye Naliaka alikuja kituoni amempakata mtoto wa kike. "Nataka kumpa jina la aliyeniokoa," alisema. "Nataka jina moja tu."

"Bila mstari wangu," akasema Chelagat, "hakimu angeshika nini?"

"Bila mimi kwenye lile benchi," akasema Mwachofi, "ungeondoka saa nne, na mstari ubaki peke yake."

"Nami ningenyoosha tu barabara," akasema Lokaale, "sasa hivi mngekuwa mnabishana matangani."

Mkuu akatoka ofisini na barua ya uhamisho yenye nafasi tupu ya jina, akampa Naliaka kalamu. "Mtaje, mama. Huyo huyo kesho anakwenda kambi ya mpakani isiyo na maji." Alidhani watanywea.

"Andika langu!" akasema Chelagat.

"Langu, na liandike kwa herufi kubwa!" akasema Mwachofi.

"Mtoto ni Lokaale," akasema dereva. "Mizigo nimeshafunga."

Naliaka anayo kalamu mkononi, mtoto analia, na mkuu anangoja. Akimtaja mmoja, anamheshimu na kumwadhibu kwa pigo moja. Akinyamaza, mtoto anakosa jina na mkuu ndiye mshindi.

Haya, ninyi mliokuwa mkitikisa vichwa: ungekuwa wewe Naliaka, ungeandika la nani?