Unga wa Mtende Dume

"Karara moja tu, Unaisa! Moja! Hata hatajua."

"Hatajua nani?"

"Thaalaba."

"Ahaa. Nilidhani umemsahau na Mwingine, aonaye yote."

"Wallahi utaniua wewe mwanamke. Hebu shika ngazi."

"Sishiki. Panda. Ukianguka nitakupa pole, lakini kisu hicho sitakuokotea."

"Thaalaba mwenyewe hayupo. Wiki mbili hajaonekana msikitini. Amekwenda kwa bintiye."

"Umebisha hodi kwake?"

"Sijabisha."

"Basi umejuaje?"

Mume akabaki mguu mmoja juu ya ngazi na mwingine chini.

Wametuhadithia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba mabishano hayo yalikuwa baina ya Harith bin Wabra na mkewe Unaisa, katika bonde moja la mitende huko Arabuni, zama za waja wema. Msidhani Harith alikuwa mwizi. Alikuwa mtu wa kusali na kufunga, na mkono wake haukuzoea cha mtu. Lakini mtu mwema naye hupimwa, na mara nyingi hupimwa kwa kitu kidogo kilicho karibu na mkono wake.

Ndugu zangu, mtende si kama mnazi. Kuna mtende jike na kuna mtende dume. Jike ndilo lizaalo tende. Dume halizai kitu. Hutoa makarara, vile vifuko vyenye maua yaliyojaa unga mweupe, basi. Lakini unga ule usipofika kwenye maua ya jike, jike hutoa vitunda vikavu ambavyo hata mbuzi huvisusia. Kwa hiyo watu wa bonde lile kila mwaka hukata maua ya dume, wakakwea majike moja moja, wakayachomeka katikati ya maua yake na kuyafunga kwa ukindu.

Harith alikuwa na majike kumi na moja na dume moja. Miaka sita kabla ya siku ile, alilikata dume lake. Alisema, "Linakunywa maji yetu mwaka mzima, wala halitoi hata tende moja ya kufuturia." Jirani yake Thaalaba alimwambia juu ya wigo, "Harith, unamkata baba wa watoto wako." Harith akaona amedharauliwa. Akamjibu, "Angalia shamba lako. Mlangoni kwako hutaniona tena." Na kweli hakuonekana.

Tangu hapo aliutegemea upepo. Thaalaba alikuwa na dume fupi karibu na wigo, na upepo ulipopita ulibeba unga wake hadi kwa Harith. Tende zilikuwa chache kuliko zamani, lakini zilipatikana, na Harith akazidi kuamini kwamba alifanya la maana. Mwaka huu tunaouhadithia, manyunyu yalianguka siku nne mfululizo wakati wa maua. Unga ukalowa, upepo ukawa hauna cha kubeba. Majike ya Harith yalikuwa yamepasua makarara jana yake, na ikipita siku ya tatu maua yale hayapokei tena. Harith na mkewe hawakuwa na chakula kingine cha mwaka ila tende hizo, kwa kuzila na kwa kubadilishana na ngano. Na pale kwenye dume la Thaalaba lilibaki karara moja ambalo halijapasuka, hatua tatu za ngazi kutoka chini.

"Shuka," Unaisa akasema. "Nikuonyeshe kitu, kisha ukitaka panda."

Harith akashuka. Unaisa akaokota kokwa ya tende iliyokuwa mchangani, akaipangusa kwa upindo wa nguo yake.

"Unakiona hiki kitobo mgongoni?"

"Nimekiona tangu utotoni."

"Mtende hutokea hapo. Mizizi, shina, makuti, vyote vinapita kwenye tundu ambalo sindano yangu haiingii."

Kisha akachukua ua kuukuu la dume lililodondoka chini ya wigo mahali pasipofika manyunyu, akalikung'uta juu ya kiganja cha mumewe. Likaacha doa jepesi jeupe, lenye harufu kama ya unga uliotoka kusagwa.

"Chembe moja ya huu huioni mpaka ziwe elfu," akasema. "Na ndani ya kila chembe Mola ameweka nusu ya tende. Hebu niambie, aliyeyaweza haya alishindwa kuumba mtende unaojitosha wenyewe?"

"Hasha! Ametukuka."

"Basi mbona hakuuumba hivyo?"

Harith akakitazama kiganja chake. Akasema, "Labda alitaka mmoja amhitaji mwenzake."

"Nawe ulikata dume ukajisifu kwamba huhitaji mtu. Sasa umehitaji, unataka kuimaliza haja yako kwa kisu. Mimi tende ya wizi sifuturii, Harith. Afadhali nifuturu kwa maji matupu."

"Thaalaba atanicheka."

"Akucheke! Kicheko chake hakiozeshi maua."

Harith akacheka bila kutaka. Akampa mkewe kisu, akatawadha, akashika njia ya kuzunguka wigo, njia ambayo kwa miaka sita ilikuwa imeota nyasi. Akiwa njiani aligeuka kuitazama mitende yake. Ilikuwa imesimama yote kumi na moja na maua yake meupe wazi, ikingoja. Mitende haina miguu. Mola aliipa upepo, na upepo ulipokosa cha kubeba, aliipa miguu ya Harith.

Akafika, akasema, "Assalamu alaikum, wenye nyumba."

"Wa alaikumu salaam. Nani huyo?"

"Harith, jirani yako mjinga." Na hapo hapo, kabla mlango haujafunguliwa, akasema yote: kwamba alikosea kulikata dume, kwamba alimjibu vibaya, na kwamba muda mfupi uliopita alisimamisha ngazi kwenye wigo wake akiwa na kisu mkononi.

Kisha fimbo ikasikika ikigonga sakafu polepole. Mlango ukafunguka, na Thaalaba akatokea, magoti yote mawili yamefungwa vitambaa vya dawa. Hakuwa amesafiri. Alikuwa mgonjwa, na hakuna aliyemjulia hali. Nyuma yake palikuwa na sinia kubwa lililojaa maua ya dume, aliyoyakata kabla ya kuugua na kabla ya manyunyu, akayakausha kivulini. Majike yake mwenyewe yalikuwa marefu. Hakuwa na mtu wa kuyakwea, na aliona haya kutuma neno kwa mtu aliyesema hataonekana tena mlangoni kwake.

Mwaka ule tende zilijaa pande zote mbili za wigo. Enyi wenzangu, tunapokula tende tuitazame kwanza na kokwa yake, maana aliyeiumba ametusemesha kwayo, na hasemi ila kwa wema. Lakini siku ile pale mlangoni Thaalaba hakutoa mawaidha. Alimtazama Harith, akamsogezea lile sinia kwa fimbo, akasema:

"Ingia ulichukue. Na uanze na majike yako, yangu baadaye. Yako yalipasuka jana, nimekuwa nikiyaangalia kutoka dirishani."