Nusu ya Mbiu

Bwana Salmini, muuza halua, alikuwa tajiri mwenye mkono wa birika. Asubuhi moja alimwita Mcha, mpiga mbiu aliyemnadia halua yake mjini.

“Mcha, kuanzia leo nakupa nusu ya ujira. Kazi yenyewe kupiga kelele tu.”

Alitarajia kilio, lakini Mcha alitabasamu. “Hewala, bwana. Na kwa nusu ya ujira, utanidai kazi nzima?”

“Nusu yatosha!”

“Umesema mwenyewe.” Mcha akachukua pembe lake, akaenda zake.

Salmini akakaa dukani akichekelea. Mpaka adhuhuri hakuja mteja hata mmoja. Mwishowe akaingia jirani, sanda kwapani.

“Pole, ndugu yangu. Maiti ni wangapi?”

Salmini akatoka mbio hadi sokoni, akamkuta Mcha anapaza sauti, “Enyi watu! Waliokula halua ya Salmini jana wamekufa!”

“Mcha! Wamekufa kwa utamu! Malizia, ‘kwa utamu’!”

“Hilo, bwana, limo katika ile nusu nyingine.”

“Basi chukua ujira wako wote!” akalia Salmini.

“Kwa utamuuu!” akamalizia Mcha.