Tovuti ya Bi Salha Isiyoonyesha Kanga

Jamani, hii ukiisoma usiikalie. Mpe na mwenzio!

Bi Salha, muuza kanga hodari wa Tanga, alifungua tovuti akatandaza humo doti elfu mbili, zote kwa mpigo. Alijisifu wee! "Mteja akiingia, macho yatamtoka!"

Yaliwatoka kweli, lakini kununua hawakununua. Walitazama, wakachoka, wakajiondokea.

Aliyenunua alikuwa mmoja tu, Twaha wa Mwanza, aliyemtafutia zawadi mama wa mchumba wake. Baada ya kanga mia tatu kichwa kilimzunguka, akabonyeza yenye rangi ya kuvutia. Maneno hakuyasoma. Mama wa watu akaifungua, akakuta: HASIDI HANA SABABU.

Loo! Mama akavimba, posa akaivunja siku ileile.

Twaha akapiga simu huku analia. "Bi Salha, nimekosa mke kwa kanga yako!"

Bi Salha alishikwa na huruma, akamwita Hidaya, fundi wa tovuti. "Mwanangu, nitengenezee kitu hiki. Kijana wa watu anaangamia."

Siku ya tatu Hidaya akamletea dukani kwake. Bi Salha akafungua, asione hata kanga moja! Palikuwa na maswali mawili tu: Kanga ya nani? Ya shughuli gani?

"We mtoto una wazimu? Kanga zangu ziko wapi?"

"Zipo, mama. Hazitoki mpaka mteja ajibu."

"Toa upuuzi wako! Duka gani linaficha..."

Hajamaliza, mteja akaingia dukani. "Hodi! Nataka kanga."

Bi Salha hakugusa hata rafu. "Karibu mwaya. Ya nani? Ya shughuli gani?"

"Ya wifi yangu, kajifungua."

Bi Salha akashusha doti tatu tu. Mteja yule akasoma maneno, akachagua moja, akaondoka anatabasamu.

Hidaya akauliza taratibu, "Mama, mbona hukumshushia zote elfu mbili?"

Bi Salha akacheka mpaka akashika meza. "Umeniweza! Miaka thelathini nauliza kwanza, kumbe kwenye tovuti nilikuwa nawamwagia watu mzigo!"

Hapo hapo akampigia Twaha. "Ingia tena, mwanangu. Upesi!"

Twaha akaingia, akajibu maswali: ya mama mkwe, ya kuomba radhi. Zikatokea doti nne. Safari hii alisoma zote, neno kwa neno, akatuma ile isemayo: MAMA NIMEKOSA NIPOKEE.

Mama alipoipata, akaisoma. Aliifunga kiunoni, akapita nayo nyumba hadi nyumba, majirani waisome. Kisha akamgeukia bintiye: "Mwambie mwenzako aje na wazee wake."

Siku ya harusi, vigelegele vya kwanza alivipiga Bi Salha!

Funzo: Kumwonyesha mtu kila ulicho nacho si ukarimu. Muulize kwanza anachohitaji, naye atakipata.